Maua kwenye gari dogo: shajara ya kuhama na vyungu vyote

Jumamosi, wiki tatu kabla ya kuhama

Lori la mizigo limepatikana ila wenyewe wamesema mapema, maua hawabebi. Kabati watabeba, friji, magodoro, vyombo vya jikoni, maua hapana, na sijabishana nao maana lile bodi limefungwa kote, mchana humo ndani kunachemka na hakuna mtu atakayeangalia kama chungu kimesimama au kimelala. Kwahiyo maua yote yatapanda gari dogo la shemeji, yeye anaendesha mimi nakaa nayo. Njia ni ndefu na tutalala njiani.

Leo nimezunguka nyumba nzima na daftari. Kila chungu nimeandika urefu, uzito wa kukadiria, na kama kinapenda jua au kivuli. Hapo ndo ukweli unaanza kuonekana, yani unaona kabisa kuna vitu haviingii kwenye gari hata ufanyeje. Bogenvilia kubwa iliyo kwenye chungu cha zege inabaki, nimempa jirani, na mizizi yake haipendi kabisa kuguswa guswa, ukiisumbua inamwaga maua yote. Ndogo yake iliyo kwenye poti ya plastiki ndo inasafiri.

Kuna mimea huna haja ya kuibeba mzima. Mani planti yangu imetambaa ukuta mzima, kuibandua ni kuikata kata tu, basi nimechukua vipande, kila kipande kina vifundo viwili au vitatu (kifundo ni pale jani linapotokea kwenye shina), kifundo kimoja kizame kwenye maji maana mizizi inatokea hapo kwenye kifundo na sio sehemu ingine yoyote. Nimeweka kwenye chupa dirishani. Mpaka siku ya safari vitakuwa vimeshatoa mizizi na chupa inabebeka popote.

Ila ile Sansevieria, ua la majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye kingo za njano usidanganyike kukata jani ukapande. Jani litaota ndio, lakini kichipukizi kitatoka kijani tupu, ile njano hairudi. Ukitaka njano ibaki unagawa shina la chini kwenye udongo. Nimegawa, nusu nabeba nusu nimempa huyo huyo jirani.

Nimekagua na wadudu. Geuza majani, angalia chini na kwenye makwapa ya matawi. Croton moja, ua la majani ya rangi rangi, nimeikuta na vidung'ata, vile vyeupe vinavyofanana na pamba, nimevifuta kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti alafu nimeitenga chumba kingine. Kwenye gari majani ya kila mmea yatakuwa yanagusana masaa mengi na mdudu hahitaji daraja zaidi ya hilo.

Jumapili

Kupogoa na kubadilisha vyungu, siku nzima. Nafanya sasa hivi na sio usiku wa kuamkia safari kwasababu kidonda cha tawi kinataka muda kikauke na mzizi uliovunjika unataka muda ujirudishe. Watu wengi huwa wanafanya yote kwa mpigo jioni ya mwisho, wanapogoa, wanahamisha chungu, wanaweka mbolea, wanamwagia maji mengi "yapate nguvu ya safari", alafu yakifa wanasema barabara ilikuwa mbaya.

Mbolea nimeacha kuanzia leo. Mbolea inasukuma majani mapya na jani jipya ni laini, ndo la kwanza kuvunjika.

Vyungu vya udongo vyote vimetoka. Ni vizito, vinapasuka, na vikigongana viwili kimoja lazima kiage dunia. Mimea imehamia kwenye poti za plastiki za saizi ile ile, udongo ule ule, sikuongeza ukubwa hata kidogo. Vyungu vyenyewe vitupu vitaenda na lori, vimefungwa magazeti, hao wa lori hawana shida navyo.

Ile Euphorbia ndefu yenye miiba nimeivalia glavu na miwani. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na ukiingia jichoni ni hospitali, hilo halina mjadala, na mwenye watoto wadogo ndani ya gari aifikirie mara mbili.

Jumatatu, wiki ya safari

Kaktasi na mshubiri havijapata maji tangu wiki iliyopita na havitapata tena mpaka tufike. Mmea wa namna hiyo ukiwa na udongo mkavu ni mwepesi, mizizi haiozi, na udongo ukimwagika unafagia tu.

Jioni shemeji amekuja na gari tukalipima kwa futi kamba. Kina cha buti, urefu kutoka sakafuni mpaka dari nyuma, nafasi kati ya siti ya mbele na ya nyuma, upana wa mlango (hapa watu wanasahau, mmea unaenea ndani lakini haupiti mlangoni). Tukachora kwa chaki sakafuni sebuleni maumbo hayo alafu tukapanga vyungu juu ya mchoro.

"Shem, hii si ingekaa tu pale kwenye kishubaka cha nyuma ya siti, chini ya kioo?" ananiuliza, kashika kichungu cha kaktasi.

"Shemeji, ukifunga breki ya ghafla hiyo inakuja kisogoni kwako."

Na sio masihara. Kitu ambacho hakijafungwa, gari ikigonga kwa kilomita 50 kwa saa, chenyewe kinaendelea na hiyo hamsini mpaka kikutane na kitu, na kitu chenyewe mara nyingi ni kichwa cha mtu. Kwahiyo sheria tuliyokubaliana: hakuna chungu juu ya kishubaka, hakuna chungu mapajani mwa mtu, hakuna jani linaloziba saidi mira wala kioo cha nyuma zaidi ya kiasi. Kizito kinakaa chini sakafuni nyuma ya siti za mbele, chepesi kinakaa ndani ya boksi.

Kuna jamaa wa mtaani kasema tutafute pikapu tu tuyapange nyuma yapigwe na hewa. Hapana. Upepo wa gari inayokimbia unafyonza maji kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na majani mapana yanachanika chanika. Kama huna njia nyingine zaidi ya pikapu basi kila mmea uuvishe shuka au mfuko mpana wa karatasi, uulaze, na turubai juu lililofungwa vizuri, sio linalopiga piga.

Alhamisi, tunaondoka kesho kutwa

Maji. Leo ndo siku yake. Mimea yote isipokuwa ile ya jangwani nimeimwagia mpaka maji yametoka chini, nikaacha yachuruzike kabisa. Kufika Jumamosi asubuhi udongo utakuwa na unyevu tu, ukiuminya haudondoshi maji. Ukimwagia asubuhi ya safari unabeba matope: lita moja ya maji ni kilo moja, vyungu ishirini na kitu vyenye maji yamejaa ni kilo nyingi umeziongeza kwenye gari bure, na yale maji yote yataishia kwenye kapeti ya gari ya watu. Alafu mzizi unahitaji hewa pia, ukikaa umezama huku gari imepata joto unaanza kuoza kimya kimya, majani yanalegea, na wewe ukiona yamelegea unaongeza maji tena.

Ijumaa

Siku ya kufunga, na nikuambie tu ina kazi kuliko safari yenyewe.

Nimeanza na udongo kabla ya majani. Juu ya udongo wa kila poti nimekandamiza gazeti lililolowa kidogo, nikalijaza vizuri kuzunguka shina, alafu juu yake mfuko wa nailoni uliopasuliwa upande mmoja, ukavishwa kuzunguka shina na kufungwa na kamba pembeni ya poti. Hapo hata poti ikilala kabisa udongo hautoki. Chini nimevalisha mfuko mwingine ili tone tone lisichafue, ila huo wa chini nimepanga kuuvua usiku tukilala, chungu kisikae kwenye maji yake mwenyewe.

Majani sasa. Unachukua karatasi kubwa, au shuka kuukuu, unaanzia chini ya mmea unapandisha mkono wako taratibu ukiyakusanya majani kwenda juu, yaani kwa uelekeo ambao yameota, kamwe usiyashushe. Ukishayakusanya unazungushia karatasi iwe na umbo la koni, chini imeshika poti, juu imebaki wazi. Selotepu inashika karatasi kwa karatasi, isiguse jani, ukija kuibandua itaondoka na ngozi ya jani. Ndo vile wauza maua wanavyofanya kwenye vitalu na sababu ni ya msingi, jani lililokusanywa haligongani na jirani na halipotezi maji hovyo.

Giza lisikusumbue. Mmea unaweza kukaa bila mwanga siku moja, mbili, na usione tofauti yoyote. Watu wanahangaika kupanga maua dirishani kwenye gari ili "yaone jua" wakati jua la kupitia kioo na jani limegusa kioo ndo linalounguza. Kati ya buti yenye giza na siti ya dirishani yenye jua, mimi nachagua giza, shida ya buti ni joto na hewa kutozunguka, na hiyo inatatuliwa kama gari lina buti iliyoungana na ndani, unashusha siti ya nyuma basi.

Kaktasi nimezifunga na mkanda wa gazeti lililokunjwa mara nyingi, unalizungushia kiunoni unaishika kwa ncha za hilo gazeti, mkono hauguswi. Zile ndogo ndogo nimezipanga kwenye boksi moja la viatu na nguo kuukuu katikati. Kangaga lipo peke yake kwenye boksi refu, lenyewe linapenda unyevu kwahiyo gazeti lake nimelilowesha kidogo zaidi. Okidi shina la ua nimelifunga kwenye kijiti kwa uzi laini sehemu tatu. Monstera, ile ya majani makubwa yenye matundu, mizizi yake ya hewani nimeifunga pamoja na shina kwa kitambaa, zile zilizokauka nimekata.

Mimea ya kuning'inia haining'inizwi kwenye gari, tafadhali. Kile kishikio cha mlango wa juu sio cha hiyo kazi, kila kona chungu kinapiga kioo. Unaizungusha mikono yake ndani ya boksi taratibu na inatulia.

Maboksi yenyewe: poti zibanane ziwe haziwezi kutikisika. Nafasi ikibaki jaza taulo, soksi, mto, chochote laini ambacho kingesafiri hata hivyo. Chini ya boksi nimeongeza selotepu pana mara mbili, na kila boksi nimeandika JUU na mshale, pamoja na majina ya waliomo. Pia kwenye kila poti nimeweka alama ya kalamu upande uliokuwa umeelekea dirishani, tukifika naanza kwa kuelekeza hapo hapo.

Kabla ya kulala nimepiga picha ya kila mmea ulivyo. Ukitaka kujua wiki ijayo kama unazidi kudhoofika au ulikuwa hivo hivo toka zamani, picha haina upendeleo.

Jumamosi, alfajiri

Mizigo yote imetangulia jana jioni, maua yanaingia mwisho ili yatoke kwanza. Tumepakia kukiwa bado giza, makusudi, kwa ajili ya ubaridi.

Fikasi ndefu imeleta ugomvi kidogo. Kusimama haienei. Tukalaza siti ya mbele ya abiria nyuma kadri inavyoenda, poti ikakaa chini miguuni, shina likaegemea siti juu ya mito miwili, matawi yamefungwa na vitambaa, mkanda wa gari umepita kwenye poti. Sehemu inayotakiwa kuegemezwa ni poti na shina la chini, ncha za juu ziwe huru. Shemeji kakaa kwenye usukani akaangalia vioo vyote, kimoja kikawa kinazibwa na tawi, tukaishusha tena. Mimi nyuma, nimebanwa kati ya boksi la kangaga na mlango.

Tulivyotaka kuondoka shemeji kaja na mfuko wa matunda ya njiani, yameiva vizuri yananukia, akauweka juu ya maboksi yangu. Nikautoa. Matunda yaliyoiva yanatoa gesi ya ethilini, ambayo ndo inayoivisha na matunda mengine yakifungiwa pamoja, na mmea ukiivuta gesi hiyo kwenye nafasi ndogo iliyofungwa madirisha unaanza kudondosha maua na majani. Bogenvilia na okidi hawana utani na kitu hiki. Mfuko umekaa mbele, na tukaufinya finya haraka ukaisha.

AC imewekwa ya wastani, matundu yote yameelekezwa juu. Upepo wa AC ukimpiga mmea uso kwa uso masaa manne unamkausha sawa na upepo wa nje. Nina kipimajoto kidogo nimekibandika kwenye boksi: nyuzi 24, safi kabisa. Mimea mingi ya ndani asili yake ni misitu ya joto, ukiwa wewe umevaa shati na huoni baridi wala hutoki jasho basi na yenyewe iko sawa. Kwa wanaosafiri sehemu za baridi kali mambo yanageuka, chini ya nyuzi 10 majani ya mingi yanaanza kupata madoa meusi, kwahiyo unapasha gari moto kwanza ndo unapakia.

Jumamosi, mchana

Sasa hapa ndo penye habari. Njia nzima ya asubuhi, matuta, kona, mashimo, nimekuwa nageuka kuangalia na hakuna kilichosogea, hata jani. Gari likiwa linatembea maua hayana shida yoyote. Shida ni likisimama.

Tumesimama kula. Shemeji kaingiza gari palipo karibu na mlango, jua lote, kazima, anataka kushuka.

"Shemeji, hapana, hapa hapana."

"Shem dakika kumi tu, vioo nimeacha wazi kidogo."

Nikamwonyesha kipimajoto. Hata hatujamaliza kuongea kimepanda nyuzi nne. Nje ikiwa nyuzi 30, gari lililofungwa juani linafika kama 40 ndani ya dakika 10, na nusu saa ikipita unacheza na 50. Kuacha upenyo wa vidole viwili kwenye kioo hakusaidii cha maana, joto linaingia kwa mwanga kupitia vioo vyote na kukaa kwenye siti na dashibodi, halitoki kwa upenyo huo. Na jani kwenye nyuzi 50 linapikwa, ukirudi unaweza usione kitu, kesho yake ndo linageuka kahawia na kuwa laini, na hapo mtu analaumu mashimo ya barabarani.

Akahamisha gari mpaka chini ya mti, milango ya upande mmoja tukaacha wazi, tukala kwa zamu, mmoja anakaa na gari. Nimefunika kioo cha upande wa jua na gazeti kabla hatujaondoka. Kituo cha pili hakusubiri kuambiwa, kazunguka mwenyewe anatafuta kivuli, na ananiuliza kivuli kitakuwa bado hapo hapo tukitoka au jua litakuwa limehama. Swali zuri, maana kivuli cha saa sita sio cha saa nane.

Kuna askari katusimamisha kaangalia ndani akacheka, kauliza kama tumehamisha msitu. Tukapita. Lakini kwa anayevuka mpaka wa nchi hapo hapana kucheka, mmea unadaiwa cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa nchi unayotoka, na nchi nyingi udongo hazitaki kabisa hata kijiko, kwasababu ya wadudu na magonjwa yanayojificha humo. Uliza pande zote mbili kabla hujafunga kitu, la sivyo utayaacha mpakani. Kuna nchi zina ukaguzi hata kati ya jimbo na jimbo.

Jumamosi, usiku

Tumefika pa kulala giza limeshaingia. Mimea mingi sijaishusha, haina haja, usiku ni wa baridi kidogo tu na gari liko ndani ya geti. Nimeshusha wale wadekaji: okidi, kangaga, na fikasi kwasababu imelala siku nzima nikaona isimame. Mifuko ya chini nimevua. Koni za karatasi nimezifungua juu zipate hewa ila sijazivua.

Kidole kwenye udongo, kimoja baada ya kingine mpaka kiungo cha kwanza. Yote ina unyevu. Sijamwagia hata tone, japo mhudumu kaja na jagi kwa wema wake kabisa, kanionea huruma nafikiri.

Jumapili

Tumetoka tena alfajiri. Kipande cha barabara ya vumbi, pole pole, na hapa nimekiri kwamba yale mataulo ya kubana yalikuwa na kazi. Boksi moja la kaktasi limeruka likatua pale pale lilipokuwa. Poti moja ya Sansevieria imelala ubavu, gazeti na nailoni vimeshika, udongo uliotoka ni wa kijiko cha chai.

Breki ndo adui wa mimea mirefu kuliko shimo. Shimo linairusha juu inarudi, breki inaisukuma mbele shina likiwa limeshikwa chini, na hapo ndo linavunjika. Shemeji akawa anaacha nafasi kubwa na gari la mbele, anaachia mafuta mapema, anapita kwenye tuta bila kulirukia. Dereva wa namna hiyo ni nusu ya kazi, nusu ingine ni kivuli.

Tumefika kabla ya saa sita. Lori lilikuwa bado linashusha, watu wanapita na makabati, na kila mtu anataka kujua kitanda kikae wapi, mimi nikawaambia ngojeni. Maua yametoka kwanza, moja kwa moja kwenye veranda yenye kivuli, mbali na njia ya watu wenye mizigo. Gari tupu lililobaki na mmea mmoja uliosahaulika chini ya siti ndo ajali ya kila anayehama, kwahiyo nimepitia daftari nikatiki kila jina. Chupa ya mani planti ilikuwa kwenye kishikio cha kikombe, imetulia.

Karatasi nimezikata kwa mkasi kuanzia chini kwenda juu. Ukizivuta kwa juu kama unavua fulana unaondoka na majani. Hasara yote ya safari: jani moja la monstera limepata mkunjo, tawi dogo la croton limekatika, na ua moja la okidi limedondoka. Hilo tawi nimelichomeka kwenye maji.

Jumatatu

Hakuna kilichobadilishwa chungu leo, ingawa vyungu vya udongo vimefika salama na vinanitazama. Mmea umeshapata msukosuko wa mwanga, joto, hewa, ukimwongezea na wa mizizi unamchosha bure. Nitasubiri wiki tatu nne.

Maji nimetoa kwa waliokauka juu tu, kidogo. Kaktasi bado.

Nimetembea nyumba mpya kuangalia mwanga unaingiaje, asubuhi, mchana, jioni. Dirisha kubwa la sebuleni linapiga jua kali kuanzia saa nane na mdogo wangu kwenye simu ananiambia dada weka yote hapo patapendeza. Jani lililotengenezwa kivulini ni jembamba na halijajiandaa, ukilitupa kwenye jua la moja kwa moja linaungua doa jeupe linalokauka, na doa hilo halitibiki, linabaki mpaka jani lidondoke. Hata bogenvilia inayopenda jua, baada ya kufungwa kwenye karatasi na kukaa verandani, inaenda pole pole: saa moja ya jua la asubuhi, kesho kutwa mbili, hivo hivo.

Alhamisi

Fikasi imeanza. Majani ya njano, yanadondoka kumi kumi kwa siku, sakafu imejaa. Nilikuwa naitegemea. Fikasi ya namna hii (Ficus benjamina) ukiihamisha hata kutoka kona hii kwenda ile ndani ya chumba kimoja inavua majani, sembuse mji mwingine. Inayatupa yale iliyoyatengeneza kwa mwanga wa zamani na itatengeneza mengine kwa mwanga huu. Nilikwaruza gome kidogo kwa kucha, chini yake kijani kibichi, basi iko hai. Haihamishwi tena, haiongezewi maji, haiwekewi mbolea, haipuliziwi dawa.

Shemeji kapita kuchukua taulo zake, akaiona akashtuka. "Shem, si tuliifunga mkanda hii?"

Nikamwambia subiri mwezi.

Jumapili, wiki ya pili

Vidung'ata havijarudi kwenye croton, lakini bado iko chumba cha pembeni mpaka wiki mbili zingine ziishe, mayai yana subira. Mani planti imeingia kwenye udongo. Kangaga limeota kikonyo kipya kilichojikunja, hilo halikuhisi hata kama limesafiri. Kaktasi zimepata maji yao ya kwanza leo asubuhi. Kwenye fikasi majani yanayodondoka yamepungua sana na kwenye ncha za matawi matatu kuna vidoa vya kijani, vidogo, ukitumia miwani unaviona. Mbolea itaanza mwezi ujao, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na itaanza na zile zenye majani mapya tu.